Hilux 3L haiwaki asubuhi na hita plagi zinakufa kila wiki mbili: kabla hujanunua seti ya tatu

"Shikamoo fundi. Nina Hilux ya zamani injini 3L, nabebea viazi na mbolea huku Makete. Niliinunua Dar mwaka jana, kule ilikuwa inawaka ukigusa tu. Tangu baridi ianze mwezi wa tano asubuhi haiwaki, napiga stata mpaka betri inachoka, nyuma inatoa moshi mweupe mwingi unanuka dizeli. Vijana wakisukuma kwenye mteremko inawaka, inatetemeka dakika mbili tatu halafu inatulia. Mchana ikishapata moto inawaka nusu stata. Fundi wa kwanza alibadili hita plagi zote nne, wiki mbili zikafa zote. Wa pili akaweka nyingine nne na swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi, akasema nibonyeze nikihesabu mpaka thelathini ndio nipige stata. Zimekufa tena. Wa tatu anasema injini imechoka, nifanye ovaholi. Jirani anasema ninunue spreyi ya kuwashia, inamaliza kila kitu. Pesa ya seti ya tatu ninayo ila naogopa. Nisaidie."

Marahaba kaka. Hiyo pesa iache mfukoni kwanza, umeogopa mahali sahihi kabisa.

Ukiyasoma maelezo yako vizuri utaona una maswali mawili, sio moja. Moja ni kwanini gari haiwaki asubuhi. La pili ni kwanini hita plagi nane, yaani zile plagi zinazopasha moto injini ya dizeli wakati wa kuwasha, zimekufa ndani ya miezi michache. Mafundi wako wote wamehangaika na la kwanza, la pili hakuna aliyeligusa, na kwa jinsi ninavyoona mimi pesa yako inapotelea kwenye hilo la pili. Hita plagi nzima kwenye gari yenye umeme mzima inakaa miaka. Zikifa nne kwa mpigo, mara mbili, ujue kuna kitu kinaziua, na ukiweka seti ya tatu bila kukijua na yenyewe itakwenda njia hiyo hiyo hata kama ni orijino ya bei mbaya.

Ngoja nikueleze kwanza inavyofanya kazi, manake ukishaelewa hapa hakuna fundi atakayekuzungusha. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Moto wake unatoka kwenye hewa yenyewe, pistoni inapanda inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana halafu nozeli inarusha dizeli ndani ya hiyo hewa, inalipuka. Kwenye 3L hewa inabanwa karibu mara 22, ya petroli ya kawaida inabanwa mara tisa au kumi tu. Sasa injini ikiwa imelala usiku kwenye baridi ya Makete chuma chote kimekuwa barafu, silinda hedi baridi, ukuta wa silinda baridi, kwahiyo hewa inavyobanwa ule moto wake unanyonywa na chuma kabla dizeli haijafika. Na hizi injini za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L, dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni, inarushwa kwenye kichumba kidogo kilichoko ndani ya hedi. Kile kichumba kinasaidia injini iungurume vizuri lakini kina kuta nyingi za chuma baridi, ndio maana hizi injini zinategemea sana hita plagi wakati wa kuwasha kuliko zile zinazorusha dizeli moja kwa moja kwenye silinda. Hita plagi ncha yake imechungulia humo ndani ya kichumba, inakuwa nyekundu kwa nyuzi 800 na zaidi, dizeli inayopita pale inashika moto hata kama hewa haijafikia joto lake.

Ongezea na kimo. Dar uko usawa wa bahari, huko juu kama uko kwenye mita 2,000 hivi hewa ina mgandamizo wa karibu nne ya tano ya ule wa Dar. Hewa kidogo inayoingia ndio hewa kidogo inayobanwa, joto linapungua tena. Kwahiyo gari ambayo Dar ilikuwa inawaka na hita plagi tatu zimekufa bila mwenyewe kujua, Makete mwezi wa sita inakuumbua. Inawezekana kabisa umeuziwa gari yenye plagi mbovu tangu siku ya kwanza na wala aliyekuuzia hakujua, Dar hazihitajiki sana.

Moshi mweupe unaonuka dizeli ni habari njema kwako. Ile ni dizeli ambayo imefika kwenye silinda, ikageuka mvuke, haikuwaka, ikatoka nje. Maana yake pampu inasukuma, nozeli zinarusha, swichi ya kuzimia dizeli kwenye pampu inafungua. Kinachokosekana ni joto. Kama ungepiga stata bila moshi wowote nyuma ningekwambia achana na hita plagi katafute dizeli imeishia wapi. Na ile kutetemeka dakika mbili tatu halafu kutulia ni silinda moja au mbili ambazo bado baridi, zinaamka zikipashwa na wenzake. Ikiwaka kwa kusukuma nayo inasema kitu, ukisukuma injini inazunguka haraka kuliko stata inavyoizungusha, hewa haipati muda wa kuvuja na kupoa. Hilo liweke akilini tutalirudia kwenye betri.

Sasa kuna imani kadhaa za gereji inabidi tuziondoe hapa. Ya kwanza ni ile taa ya njano kwenye dashibodi yenye alama ya springi. Watu wengi wanaamini taa ikizima ndio plagi zimeshapata moto. Kwenye Hilux za zamani ile taa inaendeshwa na taima inayosoma joto la maji ya injini, basi, haijui plagi ziko hai au zimekufa. Unaweza kuchomoa plagi zote nne ukaziweka mezani, washa funguo, taa itawaka na kuzima vizuri kabisa kama kawaida.

Ya pili ni kupima plagi zikiwa bado zimefungwa pamoja. Juu ya plagi kuna kibamba cha chuma kinachoziunganisha zote nne. Fundi akiweka maltimita, yaani kile kipima umeme, kwenye kile kibamba anapata usomaji, anasema nzima. Hapana, plagi moja nzima inatosha kuficha tatu zilizokufa. Lazima kibamba kitolewe, kila plagi ipimwe peke yake. Hii nairudia kwa sababu nimeshakutana nayo mara nyingi mno, mtu katoka gereji na karatasi imeandikwa plagi zimepimwa ziko sawa, ukitoa kibamba unakuta inayofanya kazi ni ya silinda ya nne tu.

Ya tatu, na hii ndio naishuku zaidi kwako, ni kuamini kwamba hita plagi yoyote inayoingia kwenye tundu ni ya gari yako. Chukua zile zilizokufa, naamini hujatupa, zifute na kitambaa uangalie karibu na ile sehemu ya kushika spana. Kuna namba imechongwa. Kwa injini hizi za L nimeshaona 6V, nimeona 11V, 12V na 14V, na ukiziweka kwenye kaunta ya duka bila kusoma zinafanana, tredi ile ile, urefu karibu ule ule. Lakini haziendi na mfumo mmoja. Toyota walitengeneza mfumo wa haraka ambapo plagi ya volti ndogo inapewa umeme wote wa betri kwa sekunde chache tu, inapata moto chapchap, halafu taima inaukata au inaupunguza kwa kuupitisha kwenye rezista. Na walitengeneza mfumo wa taratibu wenye plagi za volti kubwa ambazo zinavumilia umeme wa betri kwa muda mrefu zaidi. Ukiweka plagi ya 6V halafu ukaipa volti 12 ukihesabu mpaka thelathini, kaka, umeichoma. Hata kuhesabu mpaka kumi inaweza kufa. Na ukifanya kinyume, plagi ya 12V kwenye taima ya mfumo wa haraka, haiungui ila haipati joto la kutosha, taima inakata mapema, unapiga stata plagi ikiwa vuguvugu.

Kwahiyo hebu fikiria kilichotokea kwako kwa fundi wa pili. Kama alichukua dukani plagi za 6V kwa sababu ndizo gari ilikuja nazo, halafu akapita pembeni ya taima kwa swichi ya kubonyeza na akakwambia uhesabu thelathini, basi kila asubuhi ulikuwa unazikaanga. Wiki mbili ni nyingi, hazikutakiwa kufika. Simlaumu sana, kwenye gari yenye plagi za 12V ile swichi ingefanya kazi, lakini alitakiwa asome namba.

Niliwahi kutoa plagi za namna hiyo kwenye pikapu moja ya mkulima wa mahindi. Ya silinda ya pili haikutaka kutoka, tukahangaika nayo asubuhi nzima. Ilipotoka nikaona kwanini: ncha ambayo inatakiwa iwe nyembamba iliyonyooka kama msumari ilikuwa imevimba katikati kama punje ya harage, imebadilika rangi kuwa bluu na kijivu, ina ufa mwembamba upande mmoja na kwenye ufa unaona unga mweupe unachungulia. Ule unga ndio unaokaa ndani kuizunguka waya ya joto isiguse chuma. Ukiona plagi yako imevimba hivyo usitafute sababu nyingine, imepewa umeme kupita uwezo wake au kwa muda mrefu kupita uwezo wake. Za kwako ziangalie sasa hivi, ziweke mstari mmoja, piga picha.

Zinavyokufa zinaongea. Zikiwa zimevimba au kuungua zote nne kwa namna moja tatizo ni umeme. Ikiwa ni ile ile moja kila mara, tuseme ya silinda ya tatu tu, ncha imeliwa kama imelambwa na gesi ya kuchomelea na nyingine tatu ziko safi, hapo usiguse waya, peleka nozeli ya hiyo silinda ikapimwe kwenye mashine, inadondosha badala ya kunyunyiza na ule moto unakula ncha ya plagi. Wewe umesema zimekufa zote, ndio maana mi naelekea kwenye umeme.

Lakini seti ya kwanza ilikufa kabla ya hiyo swichi ya kubonyeza, si ndio? Hapo kuna mshukiwa mwingine, relei, ile swichi ya umeme inayofungulia plagi umeme wa betri. Hizi plagi nne zinakula umeme mwingi, kila moja ampia 10 mpaka 15 ikishapata moto na zaidi ya hapo mwanzoni, ndio maana fyuzi yake huwa kubwa, ya ampia 80 kwenye Toyota nyingi. Relei inayobeba huo mzigo kwa miaka 25 vidole vyake vya ndani vinaungua, na ikifika siku vinaganda kidogo, umeshawasha gari unaondoka na plagi bado zinapewa umeme, tena sasa ni volti 14 za alteneta sio 12 za betri. Kumbuka taima huwa inaachia umeme kidogo baada ya gari kuwaka ikiwa baridi, hiyo ni kawaida, inapunguza moshi na kutetemeka. Ila injini ikishapata moto inatakiwa iwe sifuri. Kulijua hili ni rahisi: endesha gari mpaka geji ya joto ifike katikati, iache inaunguruma, weka waya mwekundu wa maltimita kwenye kibamba cha plagi na mweusi kwenye chuma cha injini. Ukikuta volti yoyote ya maana pale, umempata muuaji. Pima tena ukiwa umezima gari na umechomoa funguo, na ile swichi ya kubonyeza iguse iguse uone kama huwa inakwama ndani.

Haya, sasa kupima zenyewe. Fanya injini ikiwa baridi, asubuhi ile ile inayogoma. Mtu mmoja awashe funguo mpaka On bila kupiga stata, wewe uko kwenye bonet. Unatakiwa usikie "ka" ya relei, na kwenye kibamba upate volti karibu sawa na za betri, ikishuka mpaka 11 na kidogo sio shida manake mzigo ni mkubwa. Ukipata 8 au 9 tangu sekunde za mwanzo wakati kwenye nguzo za betri kuna 12, umeme unapotea njiani, relei imeungua au kuna nati imelegea au ina kutu, kaza safisha pima tena. Usiposikia "ka" kabisa na volti ni sifuri, anza na ile fyuzi kubwa, halafu taima, halafu ile sensa ya joto la maji, manake sensa ikifa kwa kushoti inaiambia taima kwamba injini ya moto na taima haitoi kitu.

Baada ya hapo zima, toa waya hasi wa betri, fungua nati ndogo za kibamba taratibu, zikianguka pale chini huzioni tena, toa kibamba. Kama una maltimita weka kwenye omu, waya mmoja kwenye kichwa cha plagi mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima inasoma kidogo sana, chini ya omu moja au moja na kidogo, za 6V ndio zinasoma chini zaidi. Gusanisha kwanza waya za maltimita zenyewe uone zinasoma ngapi, za bei rahisi zina omu zake, uitoe hiyo. Plagi iliyokufa haisomi kitu, waya umekatika ndani. Huna maltimita? Rudisha waya wa betri, chukua taa ya testa, klipu kwenye chanya ya betri, ncha gusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka plagi inapitisha, isipowaka imekufa. Dakika tano umeshajua ngapi ziko hai.

Kuna kipimo cha kuitoa plagi na kuiunga na betri uone inavyowaka. Ni kizuri kwa sababu plagi inaweza kusoma omu vizuri lakini ikapata moto pasipotakiwa, inatakiwa ianze kuwa nyekundu kwenye ncha, sio karibu na tredi. Ila ibane kwenye vaisi au plaizi, usishike kwa mkono hata kidogo, vaa miwani, na isiwe zaidi ya sekunde chache, ya 6V iguse tu uachie. Hii usifanye mwenyewe kama hujawahi kuona ikifanywa.

Kwenye kuzitoa nakuomba sana usitumie nguvu. Hedi ya gari hii ndio kitu cha gharama hapo, plagi ni kitu kidogo. Injini iwe vuguvugu, mwagia mafuta ya kulegezea kutu jioni ulale nayo, kesho fungua kidogo rudisha kidogo fungua tena. Ikigoma acha, mpe mtu mwenye uzoefu. Plagi ikikatikia ndani au ncha iliyovimba ikadondokea kwenye kichumba na ukapiga stata, hapo ovaholi utakuwa umejitafutia. Na kurudisha unakaza kistaarabu tu, karibu Nm 13, hiyo ni nguvu ya kiganja na spana fupi, usining'inie. Usizungushie tepu nyeupe ya bomba kwenye tredi, plagi inarudisha umeme wake kupitia hizo hizo tredi kwenye hedi, ukiziba umeme unakosa njia.

Ukishajua namba sahihi na relei ni nzima, una njia mbili za kwenda. Moja ni kurudisha mfumo wa taima wa Toyota na plagi zenye volti zake, ndio njia ninayoipenda mimi, haihitaji kuhesabu na haimtegemei dereva, hata ukimpa kijana gari hachomi kitu. Shida yake taima na rezista za zamani kuzipata ni kazi na nyingi zilishakatwa na mafundi. Ya pili ni kubaki na swichi ya kubonyeza, sio dhambi, ila kwa masharti: plagi ziwe za 12V, umeme mkubwa upite kwenye relei nene ya ampia 80 sio kwenye kile kiswichi cha dashibodi, waya uwe mnene na uwe na fyuzi yake karibu na betri, na unabonyeza sekunde 10 mpaka 15 asubuhi ya baridi, sio 30. Ukiwa na waya mwembamba wa redio kwenye huo mzigo unakaribisha moto ndani ya dashibodi, na hilo nalisema kwa uzito wote, kagua leo hii huyo fundi alitumia waya gani.

Turudi kwenye betri kama nilivyosema. Hita plagi nzima na betri dhaifu ni sawa na bure. Wakati unapiga stata volti ikishuka mpaka 8, plagi ya 12V inabaki na nguvu chini ya nusu, na stata nayo inazunguka kivivu hewa inavuja. Pima kwenye nguzo za betri huku mtu anapiga stata, ikienda chini ya 9.6 hivi betri au stata ina shida. Angalia kama aliyekuuzia hakuweka betri ndogo ya N50 pale, dizeli hii inataka N70. Safisha waya wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye injini, mara nyingi ndio wenye kutu. Na oili: kama unatumia ile nzito SAE 40 ya Dar, huko baridi inakuwa kama asali, stata inahangaika. Weka 15W-40.

Kitu kingine kinachojifanya hita plagi ni dizeli kurudi kwenye tenki usiku. Mpira mdogo wa juu ya nozeli umepasuka au ile pampu ya mkono juu ya filta inanyonya hewa. Kesho kabla hujagusa funguo bonyeza hiyo pampu ya mkono. Ikiwa ngumu kwa mara mbili tatu dizeli iko pale pale, ikichukua mara ishirini kuwa ngumu imerudi. Moshi wako mwingi unanifanya nisilipe hili nafasi kubwa, ila halina gharama, pima. Angalia pia pembeni ya injekta pampu kama kile kifaa cha kuanzia baridi chenye mipira miwili ya maji bado kimeungwa. Kikivuja mafundi wengi wanakikwepa kwa kuunganisha mipira pamoja, Dar hutaona tofauti, Makete utaiona. Kazi yake ni kuwahisha dizeli kidogo na kupandisha mzunguko wa injini ikiunguruma imesimama, ikiwa bado baridi.

Spreyi, hapana. Na kitambaa chenye petroli mdomoni mwa hewa, hapana. Ile spreyi inalipuka yenyewe mapema mno kabla pistoni haijafika juu, na ikikuta hita plagi nyekundu inalipukia hata kwenye manifoldi. Nimefungua 2L iliyokuwa inawashwa hivyo msimu mmoja tu: ringi ya juu ya silinda ya kwanza vipande vitatu, ukingo wa pistoni umemeguka kama kikombe cha udongo. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, alikuja akijua anabadili gasketi. Na jiko la mkaa chini ya oili sampu nalo nimeona watu wanaweka, injini yenye dizeli na oili iliyotapakaa, tafadhali usifanye. Kama unataka kuisaidia usiku ipaki ndani au ifunike bonet na blanketi zito ukiwa umezima, na iegeshe kwenye mteremko mpaka utakapomaliza hii kazi.

Kuhusu ovaholi sitakudanganya kwamba huyo fundi wa tatu hawezi kuwa sahihi. Injini iliyochoka ringi inawaka Dar na inagoma Makete vile vile, kimo na baridi vinaitoa aibu. Lakini gari inayowaka nusu stata mchana, hainywi oili, haitoi moshi wa bluu na inapanda milima na viazi, hiyo haifunguliwi kwa kusikiliza tu kwa sikio. Kipimo chake kipo: plagi zote nne zikitolewa, swichi ya kuzimia dizeli inachomolewa waya, geji ya kompresheni ya dizeli, yaani ya kupima hewa inavyobanwa, inafungwa kwenye tundu la plagi, inapigwa stata. Ya petroli haifai, inaishia psi 300 na itapasuka. Silinda ikisoma 400 na kitu na zote nne zinakaribiana, mwambie fundi asante. Zikiwa chini ya 300 hapo ana hoja, na ikiwa moja tu ndio iko chini sana inaweza kuwa valvu au gasketi ya hedi. Unaweza kufanya siku hiyo hiyo unayotoa plagi, kazi ya kuzifungua ni moja.

Mambo ya kwenda gereji moja kwa moja bila kujaribu kitu nyumbani ni haya: plagi imekatikia ndani, maji ya rejeta yanapungua na moshi mweupe unaendelea hata injini ikiwa ya moto, maji yanatoa mapovu ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi na inaunguruma, au umesikia harufu ya waya kuungua ukibonyeza ile swichi. Hedi za hizi injini huwa zinapasuka zikishapata moto kupita kiasi, sio kitu cha kusubiri.

Ningekuwa pale kwako kesho asubuhi ningeanza na kusoma namba kwenye plagi zilizokufa, halafu volti kwenye kibamba injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto, halafu betri wakati wa stata. Vitatu hivyo havigharimu hata shilingi kama una maltimita ya kuazima. Niandikie majibu yake pamoja na picha ya zile ncha, nitakwambia ununue plagi za volti ngapi au tuhamie kwenye relei.